Kesi ya Hosea Ilivyokwisha

Alasiri, kwenye benchi la Almas muuza kahawa pale Makorora, hoja huwa ni mpira. Siku hiyo redio ikataja kesi zinazosikilizwa kwa runinga, wote wakamgeukia Hosea. Mwaka wa korona alikuwa fundi wa mashine za boti kule Moa. Mashine ya tajiri ikaibwa, akawekwa mahabusu yeye. Kwa kuhofia maradhi, mahakamani hakupelekwa. Alikalishwa mbele ya kioo cha runinga huko huko gerezani, sauti ikikatika, kesi ikiahirishwa. Mama yake, Imakulata, kila tarehe alitoka Maramba kwenda mahakamani akidhani atamwona mwanawe, akarudi bila kumwona. Alifariki Hosea yumo ndani.

— Kilichomponza ni mtandao, alisema Idarusi, waliyembandika jina la Wakili ingawa sheria kaisomea hapo hapo kijiweni. Ukisema “sikuiba,” kule inafika “iba” tu. Ndo wahenga wakasema mkono mtupu haulambwi.

— Mtandao wapi, akasema Nurmohamed wa duka la vipuri. Barakoa hiyo. Hakimu kavaa, mshitakiwa kavaa, nani kamjua nani? Mficha uchi hazai, bwana.

— Basi, akadakia Almas, walifunguliwa kesi Hosea wawili, mafaili yakachanganyika, na yule wa kwenye kioo mpaka leo yumo gerezani.

Wakacheka. Hosea naye akacheka kidogo, ila moyo wake ulikuwa kwa Yona, mlinzi aliyemwona mwizi kwa macho yake. Yona alivuka kwenda kuzika Vanga, upande wa Kenya, mpaka ukafungwa nyuma yake, naye akafia huko huko. Upande wa mashitaka nao haukuleta mashahidi. Mwisho shauri likafutwa, Hosea akaachiwa.

Brightness, mwalimu aliyehamia mtaani juzijuzi, alikuwa kasimama akingoja kashata zake, akisikiliza.

— Shikamooni. Samahani, kaka Hosea. Kwa hiyo mahakama ilisema hukuiba?

— Ilisema niende nyumbani.

— Lakini ilisema hukuiba?

Hosea alitafuta neno moja ambalo angeweza kulipeleka Maramba, kaburini kwa mama yake, na hakulipata.