Ile Nanga Haijawahi Kuokoa Mtu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka mtembeza wageni wa gatini. Alifariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka sabini na mmoja, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu, Mzee Jaketi. Kama uliwahi kuleta watoto kupanda ile boti nyeupe ya matembezi, basi yeye ndiye aliyekuvalisha jaketi la kuokolea maisha, akakaza kamba mpaka ukaguna.

Nami nina jambo la kukiri kuhusu mzee huyu. Nitalifikia.

Alifanya kazi kwenye boti hiyo miaka thelathini na mmoja. Njia ilikuwa ileile kila siku. Mnaanzia nyumba ya maonyesho ya samaki, mnapita mnara wa taa, mnapita bohari la zamani ambalo sasa ni makumbusho ya meli, kisha mnaingia chini ya kreni, watoto wanahesabu makontena. Hapo alishika kipaza sauti na kusema, "Kushoto kwenu, kreni. Kulia kwenu, mama mmoja anatapika. Tafadhali sote tutazame kushoto." Miaka thelathini na mmoja, utani uleule. Mkewe anasema, "Hata nyumbani alikuwa anautoa. Nikimwambia nimeshausikia, anasema hausemi kwa ajili yangu, anaufanyia mazoezi."

Sasa, ile nanga. Mnaifahamu. Ipo pale juu ya ngazi za kushukia botini, nyeusi, ndefu kuliko mtu mzima. Miaka ishirini iliyopita walikuja wanafunzi wa darasa la kwanza. Mtoto mmoja aligoma kupanda. Aling'ang'ania sketi ya mwalimu wake, analia, na wenzake nao wakaanza kulia. Mzee akachuchumaa, akamwambia, "Unaiona hii nanga? Ni ya meli iliyozama, na hakufa hata mtu mmoja. Unajua kwa nini? Wote waliishika kabla ya kupanda. Hebu ishike." Mtoto akaishika. Akapanda. Wote wakapanda.

Ulikuwa uongo, wasikilizaji. Uongo wa kubembelezea mtoto, basi. Lakini mwalimu alirudi na darasa lingine, akaisimulia hadithi ile. Wazazi wakaisimulia. Kila aliyeisimulia alitia chumvi yake. Abiria wakawa mia tatu, wakawa mia sita, akapatikana na nahodha. Mwisho wakubwa wa gati wakatundika kibao cha shaba chenye hadithi yote. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilitiwa lami.

Na redio hii nayo ikatia chumvi yake. Miaka tisa iliyopita, katika kipindi cha mahali pa kupeleka familia, mtangazaji alisoma kibao kile neno kwa neno, kwa sauti ya kujiamini kabisa. Akamalizia kwa kusema, "Shika nanga, safiri salama." Mtangazaji huyo ni mimi.

Miaka sita iliyopita alikuja baba mmoja na binti yake wa miaka saba. Mzee akampa mtoto jaketi. Baba akalirudisha. "La nini, mzee? Ameshashika nanga." Mzee akacheka. Naomba mlisikie hilo vizuri, maana yeye mwenyewe hakutaka lifichwe. Alicheka, akaliweka jaketi chini ya benchi, boti ikaondoka.

Karibu na mnara wa taa, meli ya kuvutia meli nyingine ilipita kwa kasi. Wimbi likaipiga boti ubavuni. Mtoto alikuwa amesimama juu ya benchi. Akaanguka majini.

Mzee alimnasa gauni kwa upondo wenye ndoano. Walimpandisha akiwa amemeza maji, akakohoa, akalia. Alipona. Narudia, mtoto alipona.

Mkewe anakumbuka jioni ile. "Alikuja na viatu vimelowa, akakaa navyo hivyohivyo. Chakula hakugusa. Akaniambia, 'Mke wangu, nusura niue mtoto wa watu kwa mdomo wangu.'"

Kesho yake alikwenda ofisini kuomba kibao kitolewe. Alipigwa danadana. Huyu anamtuma kwa yule, yule yuko kikaoni. Mmoja akamwambia, "Mzee, watu wanakipenda." Kibao kikabaki. Basi akajifunga kibwebwe. Akasogeza sanduku la majaketi kutoka botini mpaka miguuni mwa nanga, akasimama pale. Hakuna kushika nanga kabla ya kuvaa jaketi. Bibi, babu, mtoto, bwana harusi na suti yake, wote. Binti wa mzee, fundi cherehani, ndiye aliyeyashona yale madogo ya watoto wachanga. Ndipo jina la Mzee Jaketi lilipoanzia.

Halafu akaja hapa studio. Alikuja mara mbili, na barua mkononi. Alitaka kitu kimoja tu: redio iliyotangaza uongo wake itangaze ukweli wake. Nilimpokea mimi. Nikamwambia, "Tutaangalia, mzee." Nikaiweka barua kwenye droo. Niliona aibu kusema hewani kwamba nilidanganywa na kibao. Huo ndio ukweli wangu, na unaniuma.

Hospitalini alimwambia mkewe, "Yule wa redioni mkumbusheni." Wamenikumbusha. Barua hii hapa. Ni fupi.

"Mimi ndiye niliyetunga hadithi ya nanga. Hakuna meli iliyozama. Nanga ilitoka kwenye uwanja wa vyuma chakavu, nilikuwepo ikiletwa. Iliwekwa pale kuzuia magari yasiingie njia ya waenda kwa miguu. Haijawahi kuokoa mtu. Vaeni majaketi."

Narudia. Nanga haijawahi kuokoa mtu. Vaeni majaketi.

Nilimuuliza mjane kama watoto sasa wakatazwe kuishika. Akanishangaa. "Wakatazwe kwa nini? Waishike tu. Wavae kwanza."

Kwa mjane, kwa binti yake, kwa wajukuu na kwa wenzake wote wa botini, poleni sana. Mungu awape subira. Na wewe unayesikiliza, kama kuna neno lako lilifika mbali kuliko ulivyotaka, lifuate ungali na miguu. Mzee huyu alilifuata la kwake miaka sita, akabisha kila mlango. Uliobaki ulikuwa huu wa kwangu. Nimeufungua leo, naye hayupo kusikia.