Mkunga wa Nyumba ya Nyoka

Dada yetu tunayemzika leo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mkunga, alizaliwa Ijumaa, tarehe 3 Agosti 1979, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na bomba la maji. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mfua nguo wa hospitali. Mimi nilimfuata baada ya miaka mitatu. Familia imenipa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu mimi ni fundi cherehani, nimezoea kupiga soga na wateja, na mchapaji ameniambia ukurasa ni mmoja tu, nisirefushe. Nitajitahidi.

Alianza shule ya msingi Januari 1987 na kumaliza mwaka 1993. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa mwisho. Anachokumbukwa kwacho ni siku moja ya darasa la tano, nyoka mdogo alipokutwa kwenye stoo ya vitabu. Mwalimu wa hesabu alipanda juu ya meza na wanafunzi wakatorokea dirishani. Dada alichukua ndoo na ufagio, akamsukumia nyoka ndani polepole, akafunika, akaenda kumwachia nyuma ya uwanja. Kisha akarudi kumwambia mwalimu kwamba sasa anaweza kushuka. Alichapwa viboko viwili vya kukosa adabu, na baba aliposimuliwa alicheka mpaka akakohoa.

Baada ya sekondari alisomea utunzaji wa wanyama, na tarehe 2 Novemba 1999 aliajiriwa kwenye bustani ya wanyama ya mji, upande wa nyumba ya nyoka. Cheti alikuwa nacho, lakini kwa miaka minne ya kwanza alipewa ufagio.

Jina la Mkunga alilipata mwaka 2004. Kulikuwa na chatu jike wa mita nne, ambaye wafanyakazi walimwita Mama Mkwe kwa kuwa hakuna aliyeingia kwake bila kubisha hodi. Chatu huyo aliacha kula. Wiki ya kumi ilipofika, meneja alikuwa ameshachoka, na daktari wa mifugo akaamua alishwe kwa mpira mpaka tumboni. Dada alisimama mlangoni na ufagio wake, akawaambia huyu haumwi, huyu ana mimba. Walicheka. Basi akatoa daftari mfukoni. Alikuwa ameandika kila kitu: siku dume alipoingizwa na mikia yao ikasukana, siku jike alipokataa sungura mara ya kwanza, siku alipovimba katikati ghafla, kwa saa chache, kana kwamba amemeza kitu, na hakuwa amemeza, siku alipoanza kulala amegeuza tumbo juu, na jinsi asivyobanduka kwenye kona yenye joto. Juzi yake alikuwa amejivua gamba, na tangu hapo hatulii, anazunguka chumba kizima akisukumasukuma pembeni kwa pua, kama mtu anayetafuta pa kujiweka. "Na mgongo wake mmeushika?" aliwauliza. Hakuna aliyekuwa ameushika. Mgongo ulikuwa umejaa, mifupa haijatokeza.

Aliomba wiki nne, akakubali kufukuzwa kazi akikosea. Aliweka sanduku la mbao, akalijaza majani makavu na kuyanyunyizia maji kidogo. Siku ya ishirini na tatu tangu gamba livuliwe, asubuhi, walimkuta Mama Mkwe amejizungusha juu ya mayai thelathini na moja, anatetemeka mwili mzima ili ayatie joto. Daktari wa mifugo alimpa dada mkono mbele ya wote, na ufagio akapewa mtu mwingine.

Toka siku hiyo akawa anapigiwa simu na watunzaji asiowajua, kutoka bustani asizowahi kufika. Kila mgeni kazini alimfundisha jambo lile lile: dalili moja haisemi kitu. Anayekataa chakula huenda ni mgonjwa, huenda ana mimba, huenda amenuna tu. Ulipomwambia dalili ya mvua ni mawingu, alikujibu kwamba mawingu mengine yanapita. Lakini mgongo ukikonda, alisema, acheni ubishi, mwiteni daktari.

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na fundi wa majokofu, ambaye alikuwa ameitwa kutengeneza mashine ya joto ya nyumba ya nyoka. Bwana huyo aliitengeneza akiwa amesimama nje ya mlango. Yeye alitoa maelekezo, dada akakaza skrubu. Baadaye alirudi mara tatu kuikagua mashine ambayo haikuwa na tatizo lolote. Shemeji, usiiname, kila mtu hapa anajua.

Shemeji alikuwa amefiwa na mke, na alikuwa na binti wa miaka sita. Kwa miezi mingi mtoto huyo alimwita dada "wewe", na dada akaitika. Siku moja mtoto ana homa, akaita "mama" kutoka chumbani, na dada akakimbia akaacha sufuria ikaungulia jikoni. Tulikula mkate mkavu siku hiyo na hatujawahi kumwona na furaha namna ile. Wao wawili hawakupata mtoto. Mimba ya mwaka 2012 iliharibika ikiwa ya miezi mitatu, na habari hiyo aliizungumza na mimi peke yangu.

Machi 2024 alianza kukataa chakula. Vijiko viwili vilimtosha. Aprili siku zake zilikoma, tumbo likaanza kuonekana, na akawa anavuta kiti kufuata jua uani. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Alikuja dukani kwangu mchana, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba anadhani amepata. Nililia kwa furaha. Kipimo cha duka la dawa kilisema hapana, tukasema kimekwisha muda wake. Alitaka kwenda hospitali kuhakikisha. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia hospitali ndiko alikoambiwa habari mbaya mwaka ule, asubiri tumbo likomae, asijitafutie mkosi.

Na mimi ndiye niliyekuwa namshonea. Nilimpima Mei, nikampima Juni, nikampima Julai. Kila mara niliongeza kiuno na kupunguza mabega, kwenye gauni lile lile, nikajisifu kwa kazi nzuri. Daftari langu lipo, sijalichana: kiuno kiliongezeka sentimita kumi na tisa, na mkono ukapungua sentimita sita. Nilipobandika pini mgongoni mwake nilihisi mifupa chini ya vidole vyangu. Nikasema mtoto anamla mama. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini dada hakuficha kitu. Alivua nguo mbele yangu, na mimi nikaupa ugonjwa jina jingine.

Aliyeona ni binti yake. Mwezi Agosti alinikuta jikoni kwao ninamenya vitunguu, akasema, "Mama mdogo, mama anaisha. Tumpeleke hospitali."

Nikamjibu, "Unaogopa akija wa damu, wewe wa kambo utakaa wapi?"

Ulimi hauna mfupa. Binti alinawa mikono, akatoka. Shemeji ameniambia baadaye kwamba mtoto alikaa wiki tatu bila kuligusa jambo lile tena, akiogopa aonekane ana wivu. Wiki hizo tatu ni zangu.

Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2024, binti alimpeleka mama yake mwenyewe, kwa kumdanganya kwamba wanakwenda kununua viatu. Madaktari walikuta saratani ya mfuko wa mayai, na ilikuwa imeshasambaa. Walisema tungekuja mapema kungekuwa na la kufanya. Hawakusema mapema kiasi gani, na mimi sikuthubutu kuuliza. Tarehe 3 Oktoba alifanyiwa upasuaji, kisha akaanza dawa za kuchoma mishipani. Binti yake aliacha kazi kwenye duka la miwani. Ndiye aliyemwogesha, akamkata kucha, akamsomea majina ya watu waliompigia simu. Mimi nilishona foronya. Wodini zilikuwa nyingi kuliko mito.

Mwezi Januari nilikaa kando ya kitanda chake nikamwambia yote, na lile neno la jikoni. Alisikiliza amefumba macho.

"Mimi nilitaka iwe kweli kukushinda wewe," alisema. "Usinililie mimi. Kamwombe radhi mwanangu kabla hamjanizika."

Nilimwahidi. Nimepita mlango wa binti huyo mara nyingi tangu siku ile, nimepeleka uji, nimepeleka nguo zilizofuliwa, na kila mara nimeondoka sijaomba radhi. Dada yetu alifariki Alhamisi, tarehe 20 Februari 2025, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, miezi sita na siku kumi na saba. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya dawa.

Ameacha mama yetu mzazi, ameacha mume, ameniacha mimi mdogo wake, na wafanyakazi wenzake ambao leo wameacha zamu wakaja na sare zao. Rasimu ya kwanza ya ukurasa huu, iliyoandikwa na wajomba, ilisema marehemu hakujaliwa mtoto. Sentensi hiyo nimeifuta. Marehemu ameacha mtoto mmoja.

Mwanangu, neno lile nililitamka tukiwa wawili tu. Leo nalikana mbele ya watu wote hawa na mbele ya jeneza la mama yako. Mimi nilikuwa na futi ya kupimia mkononi na sikuona. Wewe uliona, ukasema, nikakunyamazisha. Najua maji yakimwagika hayazoleki. Naomba unisamehe. Si lazima unijibu leo, wala mwaka huu.

Ratiba iliyoko upande wa pili ilikuwa imeshachapwa, na inasema udongo wa kwanza utawekwa na mdogo wa marehemu. Irekebisheni kwa kalamu. Utawekwa na mtoto wake, nami nitasimama nyuma yake.

Pumzika, dada. Mwanao yupo hapa.