Msitu Umefika Nyuma ya Jiko

Treni ya Pugu ilipoondoka Gongo la Mboto, mama mmoja wa makamo alimgusa bega kijana aliyekuwa akisikiliza kikao cha kamati ya Bunge kwenye simu. "Mwanangu, wanasemaje kuhusu msitu?"

"Shikamoo, mama. Mbunge kauliza malengo ya tabianchi yatafikiwaje wakati watu wamejenga msituni. Wizara imejibu kwamba mipaka inapimwa upya."

"Sie hatukujenga msituni. Msitu ndo umetufuata. Juzi wamechimbia bikoni, ile nguzo ya mpaka wa msitu, nyuma ya jiko langu."

"Basi nyumba imepona."

"Nyumba imepona. Lakini Baba Lusungu, marehemu mume wangu, kazikwa ng'ambo ya bikoni."

Kijana aliinamia simu yake. Sie abiria wengine tulijifanya tunatazama nje, ingawa nje kulikuwa na vumbi tu.

"Wakiweka uzio, nitaingiaje kumfagilia kaburi?" mama aliuliza. "Na wakisema ahamishwe? Hebu sikiliza vizuri, kuna aliyeuliza kuhusu makaburi?"

Kijana alikandamiza simu sikioni mpaka treni iliposimama Pugu. "Bado, mama. Wamehamia ajenda nyingine, ukaguzi wa bidhaa kwenye mipaka ya nchi."

Abiria tuliteremka. Mama alibaki amekaa, akimwomba kijana asikilize kidogo tu tena.