Mwalimu Obedi Lubango na Klachi ya "Bado Kidogo"

Mwalimu Obedi Masanja Lubango, ambaye leo tunamrudisha katika udongo wa Kisesa, alizaliwa papa hapa tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Masanja Lubango na Mama Evelina. Mama yake husimulia kwamba hata utotoni, ukimwita kula wakati anachonga gari la mti, alijibu, "Bado kidogo," na chakula kikapoa. Neno hilo hakuliacha maisha yake yote, na wengi tuliokusanyika hapa limewahi kutuudhi.

Alisoma shule ya msingi Kisesa, sekondari mjini Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu ualimu wa fizikia mwaka 1999. Alifundisha Ilemela mpaka alipougua. Wanafunzi walilalamika kwamba alibana alama. Yeye mwenyewe alijipa chache zaidi. Alipoombwa kuwa mkuu wa shule alikataa, akisema hajawa tayari, na si rahisi kusema kama ule ulikuwa unyenyekevu au woga.

Tarehe 11 Desemba 2004 alifunga ndoa na Justa, binti wa Usagara, wakajenga Kiseke. Mungu aliwajalia watoto wawili, Faith na Gidion. Mwaka 2016 walinunua pikapu ya gia za mkono ya kupelekea chakula cha kuku kwenye banda la Justa huko Usagara. Justa aliiendesha mwenyewe mpaka mwaka 2021, alipoanguka na bodaboda akaumia goti la kushoto. Tangu hapo klachi ikamshinda. Pedali ilikuwa nzito, tena ilichelewa kushika, kisha ikashika ghafla na gari likaruka kama mbuzi. Kila safari ya bandani ikawa ya kumbembeleza dereva.

"Shemeji, uza hili, nunua la otomatiki," alishauri Alexander, kaka yake Justa.

"Gari halina kosa. Kosa liko kwenye njia ya mafuta ya klachi," Mwalimu alijibu. "Nitampa mke wangu pedali ambayo mguu wake utaielewa."

"Haya, profesa. Kuku wanakusubiri."

Alianza kwa kufunga silinda nyembamba ya kusukuma mafuta nyuma ya pedali. Pedali ikawa nyepesi, lakini mafuta iliyosukuma yalikuwa machache, klachi haikuachia vizuri na gia zikasaga. Akairudisha ile ya zamani. Akagundua kwamba bomba la mpira lilivimba kila pedali ilipokanyagwa, akaweka gumu. Ndani ya njia hiyo akakuta kizibo chenye tundu dogo cha kuchelewesha mafuta, akakitoa. Kisha akairudia silinda nyembamba, kwa kuwa sasa mafuta hayakupotelea kwenye mpira. Kati ya hatua moja na nyingine ilipita miezi ya kusitasita, na kila alipofungua bomba ilibidi kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta: yeye chini ya gari, Justa kwenye pedali.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia. Achia. Tena!"

"Baba Faith, hili goti unalitibu au unalimalizia?"

"Bado kidogo, Mama Faith."

Justa akaanza kukanyaga kwa mguu wa kulia, amekaa upande, amenuna.

Tarehe 3 Februari 2025 Mwalimu alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Akapelekwa kliniki kwa magari ya kukodi, huku pikapu yao imesimama uani, bomba liko wazi. Katika yote ya kipindi hicho, hilo ndilo lililomkera Justa zaidi. Mwezi Juni Alexander alilala chini ya gari, Mwalimu akielekeza kutoka kwenye kiti, wakamaliza kazi. Tarehe 14, bila kumwambia mtu, Justa aliwasha gari akaenda Usagara na kurudi.

"Imekaa sawa," alimwambia mumewe. "Mguu unasikia pale inaposhika."

Mwalimu aliomba asogezwe mpaka mlangoni mwa gari. Akabonyeza pedali kwa mkono wa kulia, akafumba macho.

"Bado kidogo."

"Bado kwako!" Justa alifoka. "Miaka minne, Baba Faith! Mimi nimetoka Usagara!"

Mwalimu alicheka, kicheko cha upande mmoja wa uso. Lakini hakukubali.

Alfajiri ya tarehe 17 Juni kiharusi kilirudi. Justa hakubembeleza dereva. Alimlaza mumewe kwenye kiti cha pembeni, akaendesha mwenyewe mpaka hospitali, na gari halikuruka hata mara moja. Kama Mwalimu aliuhisi ulaini ule, hakuna atakayejua. Alifariki jioni ile, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, bila kusema neno ambalo mke wake alistahili kulisikia. Familia imetafuta namna ya kumfariji kwa hilo, na mpaka sasa haijaipata.

Ameacha mama mzazi, mjane, watoto wawili, ndugu, na wanafunzi wengi waliolalamikia alama zao. Pikapu iko pale nje ya uzio. Justa anaomba fundi yeyote, hata mwenye nia njema, asiiguse klachi ile.

Mwalimu, imetosha. Pumzika kwa amani.