Mlango wa Mzee Fundi Saa

Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi wa Juni, makao yetu ya wazee yanamuaga muuguzi mkuu wa zamu ya asubuhi baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Jina lake rasmi litasomwa kwenye cheti. Humu ndani tunamwita Sista Hodi, na mkurugenzi akimtaja kwa jina jingine watu huulizana ni nani huyo.

Alianza wodi ya kina bibi akiwa msichana mwembamba mwenye viatu vinavyolia sakafuni. Wembamba ulishatuaga zamani. Viatu bado vinalia. Jina la Hodi alilipata mwezi wa kwanza tu, kwa sababu hapiti mlango wala pazia bila kubisha na kungoja aitikiwe. Amewahi kubisha stoo ya mablanketi, akangoja. Daktari mmoja aliyefunua pazia huku bibi akivaa alitolewa nje kwa upole na kuambiwa aanze upya. Akaanza upya.

Ndiye aliyepigania kila mzee awe na ufunguo wa kabati lake. Ndiye pia aliyefuta ile kengele ya kulala iliyowapeleka babu zetu kitandani jua halijazama vizuri, kama watoto wa chekechea. Chai yake hatutaisifia, maana sukari yake ingetosha harusi nzima.

Lakini kubwa alilotufundisha ni lile la Mzee Fundi Saa. Mzee huyu aliletwa na binti yake mwaka juzi, mwezi mmoja baada ya kufiwa na mkewe. Alifunga mlango na kutangaza kwamba hataki mtu. Sisi tukaweka sinia la chakula nje ya mlango, tukapita kwa kunyata, tukajisifu kwamba tunaheshimu matakwa yake.

Sista alichukia. Kikaoni akatuuliza swali moja: “Leo Mzee ameamkaje?” Hakuna aliyejua. “Basi hamjamheshimu,” akasema. “Mmemtupa, ila kwa adabu.”

Tangu siku hiyo akawa anabisha kwa Mzee kila akipita. Mzee alijibu, “Nenda zako!” na Sista alikwenda zake kweli, kisha akarudi baadaye. Haingii, habembelezi. Kwa sauti ile ya kumfukuza tu alijua kama Mzee amelala vizuri, kama ana mafua, kama amelia. Sisi tulicheka, tukasema wawili hawa ndio ndoa iliyobaki humu ndani.

Asubuhi moja alibisha, kimya. Akabisha tena, kimya. Mpishi alikuwa tayari ameinama kuchukua sinia la jana, akidhani Mzee hana hamu ya kula. Sista Hodi, ambaye hajawahi kuingia kwa mtu bila ruhusa, alisukuma mlango kwa bega. Mzee alikuwa sakafuni, upande mmoja umepooza, macho wazi, akisubiri. Hospitali walisema Sista angechelewa kidogo zaidi, tusingekuwa na Mzee leo.

Aliporudi, mdomo ukiwa bado mzito, neno lake la kwanza kwa Sista lilikuwa lawama: siku ile uliingia bila kukaribishwa. Na Sista akaomba radhi, bila hata kutabasamu. Tunampenda sana mwanamke huyu.

Leo Mzee amegoma kuja ukumbini. Anasema hotuba zinamchosha. Zamani tungesema tumwache, ndiyo heshima yake, tukaenda zetu kula keki. Siku hizi tunabisha, kwa hiyo msishangae maneno haya yakisomwa na karani badala ya dobi aliyeyaandika. Dobi yuko ghorofani, nje ya mlango wa Mzee, na bila shaka ameshafukuzwa mara mbili.

Asante kwa yote, Sista. Nenda kapumzike, ulale mpaka jua likuchome usoni, na wajukuu wakuzoee. Usiwe na wasiwasi na Mzee. Huku juu tupo.