Mandok wa Miaka Mia na Kumi na Tisa

Benchi letu liko mbele ya duka langu la mbegu, chini ya Mlima Jiri, ubavuni mwa mashine ya kahawa. Yupo Redio, ambaye hazimiki. Yupo mzee Pyo, tunamwita Jaji, maana babu yao Mandok eti alizaliwa mji wa Andong akawa hakimu wa mfalme. Na yupo mzee Kwak, Bwana Mkubwa, ambaye ukoo wake una ile nyumba ya vigae ng'ambo ya mlima. Akifika, Jaji humpisha kiti. Juzi Jaji alikuja na nakala ya sensa ya kale, aliyoletewa na mjukuu wake. Anamjengea Mandok kaburi jipya, na alitaka jiwe litaje alikozaliwa na kazi yake bila kubahatisha. Lakini ni herufi za Kichina, na hapo anayezisoma ni Bwana Mkubwa tu.

— Haya, tusomee, Jaji alimwambia.

— Mandok. Umri, miaka mia na kumi na tisa.

— Eeh! Redio akaruka. Huyo alikula jinseng ya porini, ule mzizi wa kurefusha maisha!

— Sisi tunamtambikia kila mwaka, alisema Jaji. Alikufa akiwa na miaka sitini na moja.

— Basi mlizika mtu mwingine! Mwenyewe yuko mlimani anachuma uyoga. Mimi nishamwona, ndevu mpaka magotini!

— Redio, funga bakuli lako. Kazaliwa wapi, Bwana Mkubwa? Andong?

— Kijijini kwetu.

— Kwenu? Basi mfalme alimpeleka baba yake huko. Na kazi?

— Maandishi yamefifia, Jaji. Tuyaache.

— Umri umeuona, kazi ndiyo imefifia?

Bwana Mkubwa alivua miwani.

— Mtumwa. Wa nyumba ya Kwak. Alitoroka.

Hata Redio alizimika. Jaji alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

— Na hiyo miaka mia?

— Walikuwa wanaendelea kumwandika. Kila sensa wanamwongezea umri, ili wakimpata yeye au wanawe, warudishwe utumwani.

— Yumo kaburini, nyinyi mnamhesabu?

— Mambo ya kale hayo, ndugu yangu.

— Ndugu yako! Na mimi kila siku nanyanyuka ukae!

Nilimwonea Jaji uchungu, na Kwak nilimchukia palepale, ingawa kosa lake yeye sikuliona.

Fundi Tak, mchonga mawe, akashuka kwenye pikapu yake, penseli sikioni, kuja kuchukua maneno ya jiwe. Redio akamweleza yote. Tak akaitazama ile karatasi.

— Sasa walikuja kumfuta lini?

Tukamgeukia Bwana Mkubwa. Aliigeuza karatasi, akaigeuza tena, akairudisha: hakuna palipoandikwa kwamba alifutwa.

Jaji aliimwaga kahawa yake chini.

— Alikozaliwa, chonga kijiji cha Kwak. Kazi, chonga alitoroka. Halafu chonga kwamba amekufa. Na iwe kwa herufi zetu, fundi, si za Kichina, kila mtu asome.