Maman Kasoki, Mwonjaji wa Verdejo

Kasoki Léontine, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1968 mjini Butembo, Kivu ya Kaskazini, binti wa Papa Donatien, mnunuzi wa kahawa, na Maman Régine.

Alisoma Butembo hadi kupata diploma mwaka 1988. Akitoka shule alipitia depo ya baba yake kunusa magunia. Siku moja alisema gunia fulani lina petroli. Papa Donatien alikasirika, akalimwaga mbele ya wateja, na kweli kahawa ilinuka petroli. Tangu hapo hakununua kahawa bila binti yake.

Vita vilimleta Brussels mwaka 2001, akakaa mtaa wa Schaerbeek. Mwaka 2003 alianza kuosha glasi kwa Bwana Florent, mwagizaji wa divai. Florent aliona kwamba glasi zenye divai iliyoharibika alizitenga bila kuambiwa, akamfundisha kuonja. Kasoki alizipenda divai nyeupe za Hispania, hasa verdejo, ya zabibu za eneo la Rueda: harufu ya shamari, na mwishoni uchungu kidogo kama wa lozi.

Tarehe 16 Julai 2005 alifunga ndoa na Mathieu, dereva wa basi, kanisani Koekelberg. Mchungaji alipomuuliza habari za divai, alijibu, “Ninaitema, Papa.”

Novemba 2014 ulifika mzigo mkubwa wa verdejo. Wateja walikuwa wakisubiri. Ilibaki sahihi ya Kasoki tu, kwani sasa yeye ndiye aliyeonja kila mzigo kabla haujauzwa. Alionja, akatema, akaonja tena.

“Hii si verdejo tupu. Wamechanganya.”

“Chupa zimeandikwa, Léontine. Tia sahihi.”

“Hapana.”

Florent alimnyang'anya funguo za ghala. Kwa siku kumi na tisa Kasoki alikaa nyumbani, mimba ya Noé ya miezi saba tumboni, akishtuka kila simu ilipolia.

“Bon, na kama ulikosea?” Mathieu alimuuliza.

“Basi nilikosea. Lakini jina yangu haitakaa kwa kitu sijaamini.”

Siku ya ishirini Florent alipanda ngazi mwenyewe, mkononi ana funguo zile na karatasi ya maabara. Kweli, divai ilichanganywa. Kasoki alimwacha asimame mlangoni kitambo, halafu akasema, “Ingia, chai iko tayari.”

Februari 2023 harufu ya lozi ilimpotea. Hakumficha mtu. Alirudisha funguo kwa hiari yake: “Pua yangu imechoka, nisije nikadanganya watu.” Madaktari walikuta uvimbe kwenye ubongo. Alitibiwa hospitalini Jette miaka miwili, na kila alipopata nafuu kidogo alinusa kikombe cha kahawa, akatikisa kichwa, akakirudisha mezani.

Alifariki Jumamosi tarehe 3 Mei 2025, saa nane mchana, mkono wake mkononi mwa Mathieu.

Ameacha mume, Mathieu. Watoto wawili, Carine na Noé. Na kaka yake Onésime, anayewasomea haya. Bwana Florent ameomba kubeba jeneza pamoja na familia, na familia imekubali.

Mungu aliyempa pumzi ampe sasa pumziko.